SIKU YA KUBADILISHANA MBEGU: TUIPANGEJE?



Somo letu safari hii linahusu mbegu. Mitaa kadhaa imeomba kuwa na siku ya kubadilishana mbegu kabla ya mvua za kwanza. Ni ombi jema, lakini siku kama hiyo ikipangwa vibaya inaweza kumtia mtu njaa msimu mzima. Nasema hivyo kwa sababu nimeona kwa macho yangu. Nitawaeleza yaliyotupata Jinja, kisha yale tuliyofundishwa Mbale, halafu tutatazama hatua moja moja.

Ukimaliza somo hili utaweza:
- kueleza tofauti kati ya kubadilishana mbegu na kugawiwa mbegu;
- kupima nyumbani kama mbegu zako zitaota;
- kusaidia kamati ya mtaa wako kupanga siku hiyo kwa muda wa wiki sita.

KWA NINI MBEGU?

Kila mmoja wetu hapa aliacha shamba mahali fulani. Sisi tuliotoka Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008 tulipita Malaba na Busia, tukalala Mulanda katika wilaya ya Tororo, kisha tukaletwa huku. Majirani zetu wa Panyadoli waliletwa mwaka 2010, baada ya mlima kuporomoka Nametsi, wilaya ya Bududa, tarehe 1 Machi mwaka huo. Ndugu zetu wa Sudan Kusini wamekuja kwa mafungu, na tangu vita vya Khartoum vianze Aprili 2023 tumepokea Wasudani pia. Nani kati yetu aliyekimbia na debe la mbegu kichwani? Wachache sana. Tulibeba watoto.

Tukianza upya tunanunua mbegu sokoni Bweyale, au tunapanda punje zilizobaki katika chakula. Na tangu mwaka 2023 mgao wa chakula unapangwa kwa makundi, na familia nyingi zimeondolewa katika orodha. Basi mwezi wa pili na wa tatu, akiba ikiisha, mbegu inaingia chunguni. Anayepika mbegu yake si mvivu. Ana watoto wanaolia. Lakini mvua ikinyesha, hana cha kupanda.

Hapo ndipo jirani anahitajika. Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, vituo vya utafiti wa kilimo vilianzisha mpango mkubwa wa kurudisha mbegu nchini humo, ulioitwa Mbegu za Matumaini. Mbegu zilizalishwa katika nchi jirani, Uganda ikiwemo. Watafiti walipofika vijijini waligundua kwamba aina nyingi za maharagwe hazikuwa zimepotea. Wakulima wengi walikuwa wamehifadhi kidogo, au wamepewa na jirani, au wamenunua katika soko la karibu. Uganda nayo ina benki ya taifa ya mbegu za mimea kule Entebbe. Ni jambo zuri, lakini mama wa Kiryandongo hawezi kupanda basi hadi Entebbe kila Machi. Benki yake ya karibu ni jirani yake. Ndiyo maana tunataka kuifanya benki hiyo iwe ya kuaminika.

YALIYOTUPATA JINJA

Nilipomaliza sekondari nilikaa muda Jinja kwa shangazi yangu, katika mtaa wa Walukuba. Mtaa ule ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, na mpaka leo Kiswahili kinasikika sana mitaani mwake. Wakimbizi wa nchi mbalimbali wanaishi humo pamoja na wenyeji. Wengi wana bustani ndogo nyuma ya nyumba, na wengine wamekodi vipande vya shamba upande wa Bugembe.

Tukiwa vijana watano tuliandaa siku ya kubadilishana mbegu. Hatukufanya maandalizi yoyote zaidi ya kutangaza. Tulisema tu, "Njooni Jumamosi, kuna mbegu." Kosa la kwanza lilikuwa hilo hilo tangazo. Watu walielewa kwamba shirika linagawa mbegu za bure. Walifika kwa wingi asubuhi na mapema wakiwa na mifuko mitupu. Wale wachache waliokuja na mbegu walizungukwa, na kabla ya saa nne mikeka yote ilikuwa mitupu. Wazee waliotoka mbali walirudi mikono mitupu.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe, na lilikuwa zito zaidi. Nilipata gorogoro mbili za maharagwe mazuri kwa macho, mekundu yenye madoa. Sikuuliza yalivunwa lini wala yalihifadhiwa wapi. Niliyaleta hapa kambini kwa furaha. Mama mmoja jirani yetu, mjane mwenye watoto wanne, aliyapenda. Alinipa karanga zake zote alizoweka kwa mbegu, akachukua maharagwe yale, akayapanda shamba lake lote.

Baada ya siku kumi nilikwenda kumtembelea. Mistari ilikuwa mitupu. Huku mche mmoja, kule miwili. Maharagwe yale yalikuwa ya zamani, na ndani yalikuwa yamebunguliwa. Mama hakunigombeza. Alisema maneno machache tu: "Mwanangu, karanga zangu zilikuwa zinaota."

Nilirudisha karanga kiasi nilichoweza kupata, lakini mvua haikusubiri. Msimu ule alilima vibarua katika mashamba ya watu ili watoto wale. Ndugu msomaji, kila hatua utakayosoma hapa chini imetokana na maneno ya mama yule.

TULIYOFUNDISHWA MBALE

Mwaka uliofuata mzee mmoja wa Panyadoli, Mgisu, alinichukua kwenda kwa ndugu zake nje ya mji wa Mbale, chini ya mwamba wa Wanale. Alisema, "Ukitaka kujua mbegu, kamwone dada yangu." Tulimkuta bibi huyo amekaa jikoni. Juu ya moto, chini ya paa, kulikuwa na mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, na vibuyu vilivyozibwa kwa udongo. Moshi ulikuwa unayalinda na wadudu.

Nilimwomba mbegu za maharagwe. Hakunipa. Aliniuliza kwanza, na mzee akanitafsiria: Utapanda wapi? Kuna joto au baridi? Mvua zinaanza lini? Una miti ya kusimamishia? Nilipojibu, alicheka. Alisema maharagwe yake ya kutambaa yamezoea mlima, penye ubaridi na ukungu. Nikiyapeleka Kiryandongo kwenye joto yatatoa majani mengi, na maua yatadondoka. Akanipa konzi moja tu ya maharagwe mafupi yanayolimwa huku chini kwenye tambarare, upande wa Namatala, akasema nianze na hayo. "Yakikukubali, utarudi. Yasipokukubali, hujapoteza shamba."

Kutoka kwa bibi huyo nilijifunza mambo matatu.

Kwanza, mbegu haitolewi bila maelezo yake. Anayetoa lazima aseme ilikotoka, ilivunwa lini, na inapenda nini. Anayepokea naye lazima aseme ataipanda wapi.

Pili, jina peke yake halitoshi. Chukueni maharagwe ya Nambale ambayo wengi tunayapenda. Kuna Nambale fupi, yaani K20, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1968, na kuna Nambale ndefu, yaani K132, iliyotolewa mwaka 1994. Ukisema "Nambale" tu, mwenzako anaweza kupeleka nyumbani kitu tofauti na alichotarajia.

Tatu, mbegu mpya hujaribiwa kwa kidogo. Tunakuja kulieleza jambo hili sasa hivi, kwa sababu ndilo moyo wa somo.

KIKOMBE KIMOJA, SI SHAMBA ZIMA

Watu wengi wanadhani kubadilishana mbegu ni njia ya kupata mbegu za kutosha shamba lote. Sivyo. Tufanye hesabu. Shamba la mita 30 kwa 30, likipandwa maharagwe peke yake, linahitaji karibu kilo 6 hadi 8 za mbegu. Hakuna jirani anayeweza kukupa kilo 8 naye abaki na zake.

Lakini kikombe kidogo cha gramu 200 kina punje karibu 500. Ukipanda punje moja moja, sentimita 10 kutoka shimo hadi shimo na sentimita 50 kati ya mistari, kikombe hicho kitajaza mahali pa mita 5 kwa 5. Mvua ikiwa nzuri na ukipalilia vizuri, unaweza kuvuna kilo 2 au zaidi. Msimu wa pili unapanda hizo kilo 2. Msimu wa tatu una mbegu za shamba lote, na umeshajua kama aina hiyo inakubali udongo wako.

Kwa hiyo siku ya kubadilishana mbegu haileti chakula cha msimu huu. Inaleta mbegu za msimu ujao. Shamba lako kuu endelea kulipanda kwa mbegu unayoijua, au uliyonunua kwa muuzaji anayeaminika. Ile mpya ipe kona moja karibu na nyumba, ambapo utaiona kila siku na kuku hawaifikii. Kama mama yule wa karanga angepewa kikombe kimoja tu, hasara yake ingekuwa kona moja.

HATUA ZA MAANDALIZI

Huku kwetu mvua za kwanza zinaanza mwishoni mwa Machi au Aprili. Jinja na Mbale huwa zinatangulia kidogo, mwezi Machi. Kwa hiyo siku yetu ifae kuwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na kazi ianze katikati ya Januari.

Wiki ya kwanza: kamati. Chagueni watu saba. Angalau wanne wawe akina mama, maana wao ndio watunza mbegu katika nyumba nyingi. Awepo mzee mmoja anayejua mbegu za zamani, kijana anayejua kuandika, na mtu wa kila lugha kubwa ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa aarifiwe, na wenyeji wa jirani waalikwe. Wenyeji wana mbegu zilizozoea udongo huu kuliko zetu.

Wiki ya pili: kuuliza nyumba kwa nyumba. Ulizeni maswali mawili tu: "Una mbegu gani?" na "Unatafuta mbegu gani?" Hapa pana tahadhari. Mkazi akiona mtu anaandika majina, atafikiri ni orodha ya chakula au ya pesa. Mwambieni wazi: orodha hii haihusu kadi wala mgao. Ikiwezekana msiandike majina kabisa. Andikeni idadi ya nyumba na aina za mbegu, inatosha.

Wiki ya tatu: tangazo. Tumeshaona tangazo baya linavyoharibu. Tangazo liseme hivi: "Siku ya kubadilishana mbegu. Shirika haligawi mbegu. Njoo na mbegu yako iliyopimwa, utapata mbegu ya mwenzako. Usiye na mbegu, kamwone mama wa kamati kabla ya siku." Lisomwe msikitini, kanisani, kisimani na kwenye foleni ya kinu, kwa lugha zote.

Wiki ya nne: kupima mbegu. Maelezo yako hapa chini. Kila mama wa kamati afundishe nyumba kumi.

Wiki ya tano: mahali na vifaa. Tafuteni kivuli, maji ya kunywa, mikeka, vikombe vinavyolingana, vijiko, karatasi za kufungia, na kalamu. Chagueni siku ambayo si ya mgao, si ya soko, wala si ya ibada kwa dini yoyote mtaani.

Wiki ya sita: siku yenyewe.

JINSI YA KUPIMA MBEGU NYUMBANI

Kipimo cha ukavu. Mbegu yenye maji inaoza na kuvutia wadudu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mbegu kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha acha kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mbegu bado ina maji. Ianike tena. Chumvi isipoganda, mbegu imekauka.

Kipimo cha kuota. Kwa mahindi, maharagwe, kunde na karanga fanya hivi:
1. Hesabu punje 20 bila kuchagua nzuri. Ukichagua unajidanganya mwenyewe.
2. Zipange juu ya kitambaa safi kilichololeshwa maji, kisha kikunje.
3. Kiweke mahali penye kivuli na joto, na kinyunyizie maji kila siku kisikauke. Kisielee majini.
4. Fungua siku ya tano, kisha siku ya nane, uhesabu zilizotoa mzizi na chipukizi lenye afya.

Sasa tazama matokeo. Zikiota 16 au zaidi, mbegu ni nzuri, ilete. Zikiota kati ya 12 na 15, unaweza kuileta lakini mwambie mwenzako apande kwa wingi zaidi. Zikiota chini ya 12, usimpe mtu. Kama haijatiwa dawa, ipike mle.

Maharagwe yale niliyoyaleta kutoka Jinja yangepimwa hivi, kitambaa kimoja na siku nane zingeokoa msimu wa mtu.

Kuhifadhi hadi siku ya kubadilishana. Mbegu iliyokauka tia katika jerikeni safi na kavu, ujaze mpaka juu kabisa, ufunge kwa nguvu. Wadudu wakikosa hewa hufa. Mbegu chache changanya na majivu yaliyochekechwa, uweke katika kopo lenye kifuniko. Usiweke mbegu chini sakafuni. Watu wa Mbale wanakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika usiku. Maji yanapoingia ndani, kilichoko chini ndicho kinachoharibika kwanza.

SIKU YENYEWE

Wageni wapokelewe mlangoni. Hapo mama wawili wa kamati watazame kila mbegu: wadudu, matundu, ukungu, mchanganyiko. Wamuulize mwenye mbegu alivyoipima. Mbegu yenye matundu irudishwe kwa heshima, bila kumwaibisha mtu mbele ya wenzake.

Kila mbegu iandikiwe karatasi yenye mambo matano:
- jina la mbegu, kwa lugha ya mwenyewe na kwa Kiswahili;
- ilikolimwa (kwa mfano: mlimani Mbale, kando ya ziwa Jinja, hapa kambini);
- mwezi na mwaka wa kuvuna;
- punje zilizoota kati ya 20;
- siku au miezi hadi kuvuna.

Asiyejua kuandika asaidiwe na vijana. Hakuna haja ya kumwuliza jina.

Kipimo cha kubadilishana. Kikombe kwa kikombe si haki kwa mbegu zote. Kikombe cha mchicha kina punje zisizohesabika, na kingeotesha mtaa mzima. Tumieni kipimo hiki au mkubaliane chenu:
- maharagwe, karanga, soya, mbaazi, kunde: kikombe kimoja;
- mahindi: kikombe kimoja, punje zitoke katika magunzi mengi;
- wimbi, mtama, simsim: vijiko vitano;
- mchicha, mnavu, mgagani, mrenda, sukuma wiki: kijiko kimoja;
- maboga: punje kumi.

Kwa mkupuo mmoja mtu asichukue zaidi ya vikombe viwili vya aina moja. Hata mwenyekiti, hata mfanyakazi wa jamii. Saa ya kwanza iwe ya wazee, walemavu na mama wenye watoto wachanga.

Asiye na mbegu. Mgeni aliyefika mwezi uliopita hana cha kubadilisha. Je, arudi bure? Hapana. Kila mtaa utenge kapu la mbegu ya deni. Anayekopa kikombe kimoja atarudisha viwili baada ya kuvuna, na hivyo viwili vitakopeshwa kwa wengine wawili. Mvua ikikatika asidaiwe, asubiri msimu mwingine. Kapu litunzwe na mama watatu wa nyumba tofauti, na lihesabiwe mbele ya watu.

Saa ya wazee. Kabla ya kufunga, kaeni chini ya mti. Kila mzee ashike mbegu moja aeleze inavyopandwa, inavyopikwa na inavyotunzwa. Vijana waandike. Mzee akifa na maarifa yake, mbegu inabaki punje tupu.

VITU VISIVYOLETWA

Vijiti vya muhogo visiletwe bila kukaguliwa na bwana shamba. Batobato na ugonjwa wa michirizi ya kahawia husafiri ndani ya kijiti, na kijiti kigonjwa huweza kuonekana kizima. Tukileta vijiti kutoka Jinja kwa basi, tunaweza kuleta ugonjwa katika kambi nzima. Vivyo hivyo marando ya viazi vitamu na viazi mviringo vya mbegu kutoka mlimani.

Machipukizi ya migomba yasiletwe kabisa. Mnyauko wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001 na ukaenea haraka katika wilaya nyingi. Visu na machipukizi ndiyo njia yake mojawapo.

Mahindi chotara yaliyovunwa shambani yasibadilishwe kama mbegu. Msimu wa kwanza yalizaa vizuri, lakini watoto wake hawalingani na mama yao, na mavuno hupungua. Ukitaka chotara, nunua mpya.

Mbegu zenye rangi ya pinki, kijani au buluu zimetiwa dawa. Zisiwekwe karibu na chakula, zisishikwe na watoto, na zisipikwe hata kama zimebaki.

Ukiona mfuko wa mbegu wenye kibandiko cha kijani, hiyo ni mbegu iliyozalishwa na kikundi cha wakulima na kukaguliwa. Inaweza kuletwa, ila kibandiko kiletwe pamoja nayo.

BAADA YA SIKU

Kazi haijaisha. Wiki mbili baada ya kupanda, kamati itembelee kona za mbegu mpya. Baada ya mavuno mkutane tena, kila mmoja aseme aina gani ilikubali na ipi ilikataa. Mbegu iliyokubali Kiryandongo kwa misimu miwili iandikwe katika daftari la mtaa, lenye aina, tarehe na mahali. Hiyo ndiyo itakuwa mbegu yetu.

Unapochagua mbegu ya kuweka, usingoje mabaki ya chungu. Funga uzi kwenye mashina mazuri yakiwa bado shambani: yenye afya, yaliyozaa mapema, yasiyo na magonjwa. Kwa mahindi chukua katikati ya shamba, usichukue pembeni, kwa sababu mahindi ya jirani huchanganyika kwa upepo. Maharagwe na karanga hayachanganyiki kirahisi, kwa hiyo ni mazuri kwa mtu anayeanza.

Mama wa karanga bado ni jirani yangu. Msimu uliopita nilimpelekea kikombe kimoja cha yale maharagwe mafupi ya Mbale, yaliyokwisha kuzaa kwangu mara mbili. Aliyatazama, akaniuliza yalivunwa lini, na yaliota mangapi kati ya ishirini. Nikamjibu kumi na nane. Akachukua kitambaa, akahesabu punje ishirini, akayapima tena mwenyewe. Ndivyo inavyotakiwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Je, ni mbegu gani mlikuwa nazo kwenu ambayo hamjaiona tangu mfike kambini? Nani anaweza kuwa nayo?
2. Mtu akileta mbegu mbovu bila kujua, tumweleze vipi bila kumwaibisha?
3. Kapu la mbegu ya deni litunzwe na nani katika mtaa wenu, na kwa nini mnamwamini?
4. Katika mtaa wenu, siku gani ya wiki inafaa kwa dini na makabila yote?
5. Kila mshiriki apime punje 20 za mbegu aliyo nayo nyumbani, na alete jibu katika mkutano ujao.

Kamati ya mtaa inayotaka msaada wa kufundisha kipimo cha kuota ituone katika ofisi ya huduma za jamii, siku yoyote ya kazi asubuhi. Njooni na kitambaa na mbegu zenu. Tunawatakia mvua njema.